Kompyuta Zinazosahau

Fundi wa kompyuta wa maktaba habonyezi kitufe, anakichapa kofi. Kila asubuhi, kabla hajatua mkoba, anaiamuru programu ya kuzuia virusi ijisasishe. Ikimaliza, anaisonya, maana anaijua. Kesho yake kompyuta zikiwashwa, masasisho hayapo, kana kwamba jana haikuwahi kuwapo. Mkutubi mkuu anataka wanunue programu nyingine. "Dada, hii imekushinda." "Haijanishinda," hujibu bila kugeuza shingo. "Tunapimana ubavu tu."

Leo, kifuniko cha kalamu kikiwa menoni kama kawaida, mikono ilimganda juu ya kibodi. Alikumbuka kufuli aliloziwekea kompyuta mwenyewe, kuwakomesha wasomaji wanaobandika picha zao kwenye skrini: kompyuta ikizimwa, kila kilichoongezwa siku hiyo kinafutika. Kila kitu.

"Umempata mchawi?" mkutubi aliuliza.

"Nimempata. Ni mimi."

Akafungua kufuli, akasasisha, akazima, akawasha. Masasisho yapo. Mkutubi akashusha pumzi. "Basi sasa ziache wazi, yaishe."

"Thubutu! Wale wa picha wanangoja nilegee. Nitakuwa nazifungua asubuhi, nasasisha, nafunga." Akazifunga tena, kila kitufe na kofi lake.