Siku Tuliyotoka Msituni Tukikimbia

Huku kwetu pembezoni mwa Kinondoni umebaki msitu mdogo wa hifadhi, nyumba zimeuzunguka kila upande. Hata ukisimama katikati yake unasikia muziki wa singeli wa harusi ya jirani. Mimi sikuwa na hamu nao. Mume wangu ndiye aliyeng'ang'ania twende Jumamosi ile asubuhi, akatazame miti. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara, na tangu aanze kazi hajawahi kumchapa mtoto hata fimbo moja. Wenzake wanamwona bwege. Tukitoka pamoja yeye ndiye hunibebea mkoba, nami humcheka njia nzima.

Tulisimama chini ya mti mnene wenye pango. Sijui nyuki walichokozwa na nini. Nilisikia mvumo, kisha shingo yangu ikawaka moto.

"Kimbia!" mume wangu alipiga kelele.

Tulitimua mbio. Yeye mbele, mkoba wangu kwapani, mimi nyuma nikilia kwa sauti yangu yote. Tukatokea penye uzio uliobomoka, moja kwa moja mtaani, karibu na kijiwe cha bodaboda. Waliokaa pale waliona mwanamume anakimbia na mkoba wa kike, na mwanamke nyuma yake analia.

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Nilipofika alikuwa tayari chini. Walimpiga kwa mateke, kwa mbao, kwa mnyororo wa pikipiki. Niliona jino lake kwenye mchanga. Mtu mmoja aliuliza petroli iko wapi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaulizia chumvi.

"Ni mume wangu!" nilipiga kelele. "Mnamuua mume wangu!"

"Tulia, sista," alinijibu mwenye mnyororo bila kugeuka. "Huyu tuachie sie."

Niliokota tofali nikambamiza nalo mgongoni, akaanguka. Sijutii, na likitokea tena nitatafuta tofali kubwa zaidi. Wengine walinigeukia. Hapo ndipo mama mmoja muuza maandazi aliponitazama vizuri usoni, kisha akamtazama aliyelala.

"Jamani, hawa wameumwa na nyuki! Hamwoni nyuso zao?"

Wakaacha, mmoja mmoja. Jamaa mmoja aliuokota mkoba wangu, akaupangusa vumbi, akanipa.

"Cheki kama vitu vyako vyote vipo, sista."

Nilimtemea mate.

Hospitali walimfunga taya na kumshona kichwa. Usiku nilikuwa nikiweka kiganja puani mwake nione kama anapumua, kwa sababu niliogopa sana kumpoteza. Alipopona na kurudi kazini nilijiambia kwamba nimempata tena. Ila habari za siku ile hakutaka kuzizungumza, na nikizianzisha alikuwa anatoka nje.

Jumapili moja alasiri tulikuwa tumekaa sebuleni tuliposikia makelele ya mwizi mtaani. Alinyanyuka, akaingia jikoni, akatoka na mchi.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Nipishe."

Nilijua anakwenda kumwokoa mtu. Nani angeyajua maumivu yale kumzidi yeye? Niliona fahari juu yake, nikamfungulia mlango kwa mkono wangu, nikamfuata mbio.

Watu walimpisha walipoona mchi. Aliyelala katikati alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu, kiatu kimoja kimemtoka, damu imemjaa masikioni. Alikuwa akisema jambo ambalo hakuna aliyelisikiliza. Mume wangu alisimama juu yake. Nikasubiri awaambie watu waache.

Aliinua mchi, akaushusha begani kwa yule mtu, nikasikia mfupa ukivunjika.

Nilimwita. Aligeuka, akaniona vizuri kabisa, kisha akauinua tena.