Na Moja!

Bora niwasimulie mwenyewe, maana mkisikia kwa watu wa Kolandoto, kwao mchumba, mtatiliwa chumvi, na aibu yenyewe inatosha bila chumvi: siku ya kupanga mahari ya pacha wangu Doto, mimi Kulwa, niliyeambiwa nisifungue mdomo, niliufungua.

Kosa lilianzia mbali, tukiwa watoto Ngokolo, dukani kwa Baba Zainabu, aliyeweka televisheni juu ya kabati la vitenge, na kila alasiri tukajazana mlangoni kutazama mchezo wa Wazungu wa kukisia bei: wanaonyeshwa jokofu, kila mtu anataja bei yake, anayekaribia bila kuzidisha ndiye anayelichukua, taa zinawaka, watu wanarukaruka, jamani raha! Kiingereza hatukijui, dola hatuzijui, basi Baba Zainabu akawa anatuchezesha kwa vitu vyake, anainua mche wa sabuni, "Haya, bei gani?", na zawadi ni peremende moja. Mimi nilikuwa na ujanja niliouiba kwenye televisheni: nasubiri wote wataje, wa mwisho akisema mia mbili, mimi nasema tu, "Na moja!" Nilishinda mno (Baba Zainabu aliniita mwizi), na peremende niliikata kwa meno, nusu yangu, nusu ya Doto. Mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya mche namwona Doto amekinga kiganja.

Basi Doto akakua, akachimba dhahabu Geita miaka sita, akapata ng'ombe kumi. Kumi tu. Mahari ingezidi hapo harusi ingesubiri, na Doto kwa mchumba wake Kabula hakuwa na subira tena. Mshenga wetu, Mzee Luhende, alituonya njiani, "Anayesema ni mimi. Ninyi mmekuja kukaa."

Tukafika kwa akina Kabula, tukakaa. Wazee wa kwao wakapanga vijiti kwenye mkeka, kila kijiti ng'ombe mmoja, wao wanaongeza, Mzee Luhende anaondoa, taratibu, na mimi nimeshiba wali, upepo unapuliza pazia, na kule kwenye kona televisheni imewashwa bila sauti (nani aliiacha, Mungu anamjua), mara naona mchezo uleule! Wa zamani, rangi zimepauka, mama mmoja mnene anaonyeshwa jokofu. Nawaambia, mwili ulibaki kwenye kochi, mimi nikawa mlangoni kwa Baba Zainabu, miguu mitupu, Doto ubavuni.

Kwa mbali nikamsikia baba yake Kabula akiuliza, "Haya, neno la mwisho. Ngapi?"

"Kumi," akasema Mzee Luhende.

"Na moja!" nikapiga kelele, tena nimesimama, mikono juu.

Baba mkwe akatabasamu polepole, akaongeza kijiti. "Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma, na kule uani akina mama wakapiga vigelegele, na neno likishapigiwa vigelegele nani atalirudisha?

Ningenyamaza hapo, lakini (mimi huyu!) nikajitetea, "Baba, samahani, nilikuwa kwenye mchezo."

"Binti yangu ni mchezo?" Faini, mbuzi mmoja.

Mzee Luhende sikuthubutu kumtazama. Nilimtazama Doto, ameinamisha kichwa, na hapo ndipo iliponiuma kweli. Nyumbani nilikuwa na mtamba mmoja tu, niliyemlea ili nimuuze ninunue televisheni kubwa ya ukutani. Nikasema, "Huyo wa kumi na moja atatoka kwangu. Na mbuzi pia."

Kurudi, tulipofika Ngokolo, palepale lilipokuwa duka la Baba Zainabu (siku hizi ni kioski cha simu na pipi), Doto akaingia, akatoka na peremende moja, akaikata kwa meno, akanipa nusu.

"Safari hii umezidisha, Kulwa," akasema, akacheka mpaka machozi, nami nikalia kabisa.

Tangu siku hiyo nimeapa: ukweni kwa watu nakaa nimeipa televisheni mgongo, na hata nikiulizwa ni saa ngapi, namtazama mshenga kwanza.