Ndoo Nzima ya Mahindi

Bibi niliyekuwa nikimhudumia alikuwa na miaka themanini na kitu, na kondoo watano. Aliishi kaskazini mwa mji wa Rockville, huku ughaibuni, kule maduka yanakoisha na mashamba yanakoanza. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpikia na kumpa dawa. Kondoo aliwalisha mwenyewe, akijikokota na mkongojo.

Januari theluji ilipoganda, binti yake akamkataza kutoka nje. Nikasema nitawalisha mimi.

"Nimekulia kwenye kondoo, kwetu Singida," nilimwambia kwa majivuno. Sikumwambia kwamba walikuwa wa baba mdogo, wala kwamba hawakuwahi kupewa nafaka. Walikula majani tu, porini.

Alinielekeza mara mbili. "Nyasi kavu kwanza, washibe. Halafu mahindi, kopo moja wagawane wote. Wana mimba na baridi ni kali, wanahitaji nguvu. Lakini usizidishe."

Siku ya tatu niliwakuta wamejikunyata ukutani, theluji migongoni. Nikaona kopo moja ni ubahili wa Wazungu. Nikawamiminia ndoo nzima. Walivyoyavamia yale mahindi, nilicheka peke yangu, nikijiona najua kuliko mwenye mali.

Kesho yake asubuhi mmoja alikuwa amelala ubavu, tumbo limevimba, anasaga meno. Daktari wa mifugo alikuja, akampapasa, akatikisa kichwa.

"Amekula mahindi mengi kwa mpigo. Yamemchachukia tumboni. Nani aliwalisha?"

Kabla sijafungua mdomo, bibi akasema kutoka mlangoni, "Nadhani ni mimi. Jana nilitoka kidogo kuwaona. Lazima niliacha pipa la mahindi wazi."

Pipa nilikuwa nimelifunga kwa mkono wangu. Nikainamisha macho, nikatazama viatu vyangu.

Kondoo alikufa kabla ya adhuhuri, na wana wawili tumboni. Binti alipofika alimshika mama yake mabega. "Mama, huwezi tena. Unasahau." Wiki haikuisha, wale wanne wakauzwa. Mimi ndiye niliyeshika geti walipopakiwa.

Jioni ile bibi aliniuliza, "Wewe ulinikuta nimeacha pipa wazi?"

"Hutokea, bibi," nikamjibu.

Tangu hapo akaanza kujitilia shaka kwa kila kitu. Aliniuliza kama amekunywa dawa hali kikombe bado kiko mkononi. Alirudi mara tatu kukagua jiko ambalo hakuliwasha. Nilivumilia hayo hadi Machi. Asubuhi moja, nikimwekea uji mezani, nikamwambia yote.

Aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo sikusahau?"

"Hukusahau, bibi. Ni mimi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisukuma simu upande wangu. "Mwambie binti yangu. Nataka asikie kutoka kwako."

Nikampigia, nikamwambia yote. Binti akasema, "Ulimwacha mama yangu aamini akili yake inamtoka?" Wiki iliyofuata akaleta mhudumu mwingine, na kondoo hawakurudi.

Sasa nafanya kazi Temple Hills, kwenye nyumba ya wazee. Wenzangu wakiniuliza kwa nini niliacha kazi nzuri kama ile, huwaambia ilikuwa mbali.