Mayai Manne, Siyo Sita

Marion Wakesho binti Mwakio ni mtoto wa Mkamburi, yule aliyewapikia Wazungu wa shamba la mkonge kule Mwatate miaka kumi na tisa na hakuambiwa "kaa" hata siku moja. Mkamburi naye ni mtoto wa Mghoi, ambaye mumewe alipomwita mvivu mbele ya wageni, aliwaswaga mwenyewe mbuzi wa mahari kutoka kwa baba yake, akawarudisha kwa mumewe mpaka mlangoni, akamwambia, "Hesabu." Na Marion ndiye aliyeingia London mwaka 1981 na koti la kuazima, akapika katika nyumba ya wazee ya Kilburn miaka ishirini na sita, akamtoa askofu jikoni kwa mwiko kwa kosa la kufunua sufuria bila kuomba. Mumewe alipomtangazia kwamba ana mke mwingine Leicester, alimjibu, "Nenda, lakini masufuria yanabaki." Yakabaki.

Wataita walioko London wanamjua kwa ulimi wake na kwa vitabu vyake. Vitabu vya mapishi, tena vya zamani, vya mitumba. Vipya hakuvitaka kabisa. Alisema vina picha kama kalenda na aliyeviandika hajawahi kusugua sufuria lililoungua. Kila Jumanne alishuka Kilburn High Road mpaka kwenye duka la hisani, lile ambalo sisi huliita charity tu, akakiweka kitabu mgongo chini juu ya kiganja, akakiachia. Kitabu kilichotumiwa hufunguka chenyewe pale palipopikwa sana. Hapo ndipo palipokuwa na doa la siagi, unga uliokauka kwenye mshono, na maneno ya penseli ya mwanamke aliyekwisha kufa: *chumvi nyingi mno*, au *George hakula*. Kimoja kilikuwa na maandishi kwenye ukurasa wa kwanza, mama mkwe akimpa mkaza mwana zawadi: *Kwa Doreen, Krismasi 1961, ujifunze kabla hajakuacha.* Marion alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya duka. Hicho alikinunua bila kutazama ndani.

Wala havikuwa pambo. Alivipikia. Kule nyumba ya wazee kulikuwa na mzee mmoja aliyefunga mdomo siku sita, manesi wameshindwa. Marion akatafuta katika kitabu cha enzi za vita, akampikia pudini ya mkate mkavu na maziwa ya unga. Yule mzee alikula, akalia, akamwita Marion kwa jina la dada yake. Watu walidhani ni huruma. Haikuwa huruma. Alipenda tu kuona Mzungu akitoka machozi kwa mkono wa binti wa Mkamburi.

Vilifika mia mbili na kumi na mbili. Lakini mfalme wao alikuwa kimoja, na hicho hakukinunua.

Memsahibu wa Mwatate alipofunga mizigo kurudi kwao mwaka 1971, alimpa Mkamburi kitabu chake cha mapishi badala ya kiinua mgongo, akijua vizuri kwamba Mkamburi hajui hata kuandika jina lake. Akacheka, mumewe akacheka, gari likaondoka. Mkamburi akakiweka sandukuni miaka minane. Serikali ilipoleta madarasa ya ngumbaru, ya kuwafundisha watu wazima kusoma, akaenda, ana miaka hamsini na mmoja, akakaa kwenye benchi la watoto na magoti yamefika kidevuni. Alipojua kuandika hakutaka daftari. Alikitoa kitabu kile, Kiingereza chake akakifuata kwa picha na tarakimu, akaanza kuandika pembeni mwa kila ukurasa, akimjibu memsahibu sahani kwa sahani.

Kwenye keki ya sponji aliandika: *Hapa panasema mayai sita. Mimi nilitia manne, mawili nikawapelekea watoto. Miaka kumi na tisa hakujua.* Kwenye mkate: *Siku hii alinifungia stoo mpaka jioni kwa ajili ya kijiko kilichopotea. Kijiko kilikuwa mfukoni mwa mwanawe. Hakuniomba radhi. Unga uongeze vikombe viwili.* Kwenye mchuzi wa kondoo: *Nilionja kwa kidole. Alikimwagia kidole maji ya moto. Tangawizi haimo kitabuni, mimi nilitia, na ndiyo waliyoisifu.*

Marion alikichukua kitabu hicho baada ya mazishi ya mama yake, akakivika karatasi ya kaki kama tulivyovika madaftari shuleni, akakileta Ulaya. Hakuna sauti nyingine ya Mkamburi iliyobaki duniani. Picha hakupigwa.

Sasa, mwezi wa pili mwaka huu nimonia ilimwangusha Marion. Siku ya tano daktari alimwambia bintiye, Ann, awaite ndugu. Ann ana miaka arobaini na mmoja, kazaliwa hapa, anafanya kazi ofisi ya manispaa, Kiswahili anakisikia chote na mara nyingi anakijibu kwa Kiingereza. Mambo ya msiba wa kwetu hayajui. Akampigia Linus, mwenyekiti wa chama cha Wataita, mtu mwenye gari la mizigo na haraka ya kuwahi kila jambo.

"Toa kila kitu sebuleni," Linus akamwambia. "Watu watakuja kukaa matanga siku saba. Watakaa juu ya vitabu?"

Basi mgonjwa angali anapumua, Linus akabeba rafu zote na maboksi kumi na manne, akayashusha kwenye duka la hisani. Akaleta viti thelathini vya plastiki. Akakuza picha ya Marion, ile ya ubatizo wa mjukuu wa watu, akaitia fremu na utepe mweusi.

Marion hakufa. Siku ya kumi na tisa gari la hospitali lilimshusha mlangoni, na mkongojo, amekonda, na hasira zake zote zimo. Akafungua mlango. Akaviona viti. Akajiona mwenyewe ukutani na utepe.

"Nani amekufa?" akauliza.

Ann alikuwa jikoni. Linus alikuwa amekuja kuchukua viti kabla mama hajafika, akachelewa.

"Mama, tunamshukuru Mungu," Linus akasema.

"Mungu ndiye aliyekutuma uninunulie utepe?"

"Ilikuwa ni kujitayarisha tu, Mama. Tulivyoambiwa..."

"Linus, mkeo alipojifungua, kitanda cha mtoto ulikileta baada ya mwezi. Mimi umeniwahi na siku kumi na nne za akiba. Vitabu vyangu viko wapi?"

Linus akamtazama Ann. Ann akatazama sakafu.

"Mum, sorry," Ann akasema, kisha kwa Kiingereza akaeleza kwamba alidhani ndivyo desturi inavyotaka, kwamba hakujua, kwamba hivyo ni vitabu vya zamani na angemtafutia vingine.

"Cha bibi yako?"

Ann akainua macho hadi ukutani palipokuwa rafu.

"Nakuuliza cha kaki. Kilikuwa peke yake, rafu ya juu, kando ya Biblia."

"Biblia nimeiweka," Ann akasema.

Marion aliketi kwenye kiti kimoja cha matanga yake. Linus akaanza kukunja viti polepole, kimoja juu ya kingine. Alipokifikia cha Marion akasita.

"Hiki kinabaki," Marion akasema. "Nimekifia. Toka."

Asubuhi yake alishuka High Road kwa mkongojo, mapafu yakipiga mluzi, akipumzika kila kituo cha basi. Aliyekuwa dukani ni Praful, Mhindi wa Kisumu anayekuja kila Jumanne na Alhamisi kutoka Rayners Lane kujitolea. Yeye ndiye hupanga vitabu. Miaka tisa amekuwa akimwekea Marion vya zamani chini ya kaunta, wakigombana kuhusu bizari.

Praful alipomwona aliinuka, akashika kaunta.

"Mama! Wewe iko hai?"

"Usinipime kwa macho. Linus alileta maboksi. Kile cha kaki kiko wapi?"

"Yeye nasema wewe nakufa. Mimi nalia, kweli, hapa hapa nalia. Halafu mimi nanunua tano, nasema hii itakuwa ukumbusho ya mama." Akaingia nyuma, akatoka na vitabu vitano vimefungwa kwa kamba, cha Doreen juu yake. "Chukua. Zako."

"Cha kaki, Praful."

Praful akavua miwani. Kazi ya duka ni hii: kitabu kisafi kinakwenda dirishani, kilichochafuka kinakwenda kwenye gunia, na gunia linachukuliwa Ijumaa na lori la karatasi, linasagwa. Marion aliijua kazi hiyo kama yeye. Mara ngapi wametoa pamoja vitabu kwenye gunia, wakicheka.

"Hiyo mimi nafungua," Praful akasema. "Mimi natoa kaki. Chini ya kaki iko karatasi ya jalada nzuri sana, mpya kabisa, miaka yote hiyo jua hapana ona. Hiyo naweka." Akafungua droo, akatoa karatasi ile ya juu ya jalada, picha ya bakuli la bluu na mwiko, imetiwa kwenye plastiki. Ilikuwa imekunjwa vizuri, na ndani yake hamkuwa na kitu.

"Na kitabu?"

"Mama, ilikuwa imeandikwa andikwa kila pahali. Nani atanunua?"

"Wewe unasoma Kiswahili. Ulisoma?"

"Kidogo nasoma."

"Ulisoma nini?"

Praful akairudisha miwani machoni. "Mayai anaiba. Tangawizi anatia bila kuambiwa. Tajiri yake anamsema vibaya. Mimi nafikiri hii kitabu ya mpishi mwizi, mama anaipata mahali. Matusi tu. Mimi naona aibu kuweka, watu wa Kenya nakuja hapa, watasoma."

Mteja mmoja aliweka chini birika alilokuwa akilitazama, akatoka.

"Mayai mawili yale," Marion akasema, "ndiyo haya yamesimama mbele yako. Uliniona kila Jumanne. Ulinikaribisha chai."

"Mimi hapana jua."

"Ulijua kusoma. Mama yangu alijifunza akiwa na miaka hamsini na mmoja ili mtu kama wewe aweze kumsoma. Ukamsoma. Ukamtia guniani kwa kuona aibu." Akaichukua ile plastiki. Vitabu vitano akavisukuma vikarudi upande wake, ila cha Doreen akakichomoa. "Hivi vinne kaa navyo. Nikifa kweli utakuwa umeshalia, usije kulia mara ya pili."

Praful alimfuata mpaka mlangoni na mwavuli, maana mvua ilikuwa imeanza. Marion hakuupokea. Alirudi na mvua yake.

Jumamosi alimwita Ann. Ann alikuja na maua, akayakuta hayana pa kuwekwa, maana meza nayo Linus alikwisha kuitoa. Sebule nzima ilikuwa tupu, kiti kimoja cha plastiki katikati, na mbele yake ndoo iliyopinduliwa. Juu ya ndoo daftari kubwa, kalamu, mkasi na karatasi ya kaki.

"Kaa," Marion akasema, yeye amesimama na mkongojo.

"Mum, wewe ndiye mgonjwa, kaa wewe."

"Bibi yako alisimama miaka kumi na tisa. Mimi nitamaliza asubuhi moja. Kaa. Vika daftari kwanza."

Ann hakuwahi kuvika daftari maishani. Alikata karatasi ikawa fupi. Marion akaitupa. Akakata ya pili, ikapinda. Marion akaitupa. Ya tatu ikakaa, na Ann alikuwa amenuna kama msichana wa miaka kumi.

"Sasa andika."

"Siwezi kuandika Kiswahili. Nitarekodi kwa simu, niongee na..."

"Simu iweke kwenye koti. Uliwezaje kutupa Kiswahili? Kukitupa hukuhitaji simu. Andika. Ukurasa wa tisa, sponji. *Hapa panasema mayai sita.*"

Ann akaandika. Herufi zilikuwa kubwa na zilipanda mlima. Marion akainama juu ya bega lake, akaona *maiyai*, akagonga ndoo kwa mkongojo, Ann akafuta. Waliandika sponji, wakaandika mkate, wakaandika kidole na maji ya moto. Walipofika hapo kalamu ya Ann ilisimama.

"Alimfanyia hivyo?"

"Usiulize. Kitabu kilikuwa rafu ya juu miaka thelathini na tano, kaki tu ilikuwa katikati yako na hayo. Andika tangawizi."

Akaandika tangawizi. Marion aliyasema yote bila kusitasita, neno kwa neno, na koma zake, uso umechangamka kuliko siku zote za hospitali. Wakapita supu, wakapita maini. Wakafika ukurasa wa thelathini na moja, samaki wa kuoka.

"Ukurasa wa thelathini na moja," Marion akasema. "Samaki. Pembeni, kushoto, aliandika mistari minne. Mstari wa kwanza..."

Ann alingoja, kalamu juu ya karatasi. Basi lilipita chini barabarani, vioo vikatetemeka.

"Mstari wa kwanza," Marion akasema tena.

Aliiona akilini penseli ya mama yake. Aliuona weusi wake, na pale ilipokatika ncha ikachongwa upya. Maneno hayakuja. Akaenda dirishani, akarudi, akashika kiti, mkono karibu na bega la mwanawe lakini haukuligusa.

"Mum?"

"Usinitazame. Acha mistari minne wazi."

Ann akahesabu kwa kidole, akaacha minne.

"Utakuja kila Jumamosi," Marion akasema. "Utaketi hapo kwenye kiti cha matanga yangu, utanisomea kuanzia sponji kwa sauti mpaka kwenye samaki, uone kama itarudi. Isiporudi tutapita, tutaendelea, na Jumamosi nyingine utaanza tena sponji. Kurasa ni mia moja na themanini. Nikifa katikati, usimwite Linus kabla hujajaza nilizokwisha kukuambia. Na hiyo minne usije kuitungia cha kwako, nitajua. Haya, soma."

Ann akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chini ya neno, akaanza kusoma.