Aliyeitikia Hodi Yangu

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Etterbeek, mtaa wa Brussels, ni Mreno, mjane, fundi wa kushona mapazia. Tumejuana miaka mingi kwa Kifaransa chetu cha kuungaunga. Yeye huniletea supu ya viazi na sukuma wiki, mimi humpelekea maandazi. Mwaka juzi aliniomba nimsindikize kwao, kaskazini mwa Ureno, kwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, siku ambayo watu wa huko huenda kusafisha makaburi ya ndugu zao. Mume wangu alikuwa safarini, nikakubali.

Tulifikia kwenye mji wa soko, mji mkongwe wa mawe ya kijivu, wenye daraja la matao na uwanja uliozungukwa na varanda ndefu. Ilikuwa siku ya gulio. Kulikuwa na kuku hai kwenye matenga, sufuria za shaba, jibini, na njugu kubwa za mlimani zilizochomwa kwenye vyungu vyenye matundu. Lakini kilichonunuliwa zaidi kilikuwa maua, na mishumaa ndani ya vikombe vyekundu. Watu waliichagua ile mishumaa kwa makini, kama mtu anayechagua nyanya. Muuza njugu mmoja alinitazama kwa muda, kisha akanijazia kiganja.

Kesho yake tulipanda vijijini kwa gari la kukodi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Tulipita kijiji kimoja, cha pili, cha tatu, nyumba nzuri, nyingine mpya kabisa, zote madirisha yamefungwa. Jirani yangu alinieleza kuwa wenyewe wako Ufaransa, Uswisi, Brussels, hurudi Agosti tu. Sikuona mtu hata mmoja. Ila kila tulipopita makaburini, mishumaa ilikuwa inawaka na maua yamejaa. Sikujua nani aliiwasha. Nilijikuta naongea kwa sauti ya chini, kama watu walio msibani.

Kijiji chao kilikuwa cha mwisho, mlimani. Mama yake mdogo aliishi pale peke yake, mwanamke wa miaka sabini na kitu ambaye akili yake ilikuwa imeanza kupotea. Jirani yangu alitaka kwanza kupeleka maua kaburini kwa wazazi wake. Akanipa chungu cha supu tuliyokuja nayo, akanionyesha mlango, akaniambia nigonge kwa nguvu, na nisijali nisipojibiwa, maana mama huyo siku hizi husema mara chache.

Niligonga. Nikagonga tena. Nikiwa nimeshika chungu cha moto, mdomo ukafanya ulichozoea tangu utotoni Mtwara.

"Hodi."

"Karibu," sauti ikajibu kutoka ndani.

Nilisimama. Nikageuka kutazama nyuma yangu, barabarani hapakuwa na mtu. Nikaita tena, polepole.

"Karibu ndani. Usisimame mlangoni, watakuona."

Kilikuwa Kiswahili cha kwetu kusini, cha ndugu za bibi yangu wa ng'ambo ya Mto Ruvuma. Nilisukuma mlango. Chumba kilikuwa na giza, moto mdogo ukiwaka mekoni. Mwanamke mweupe, mwembamba, amevaa nguo nyeusi, alikuwa ameketi na shali magotini. Alinitazama bila kushangaa hata kidogo.

"Umekawia, yaya," akasema. "Wamepita?"

Nikamuuliza kina nani. Akasema wale askari. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mgeni, nimetoka Brussels, nimeleta supu. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema wamepita.

Akanivuta mkono, nikatua chungu, nikakaa kwenye kigoda. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vyuma. Akaniambia, kwa sauti ya mtoto anayeripoti, kwamba walipomchukua yaya yeye alikaa chini ya kitanda na hakulia. Aliwaambia yaya hajui kitu, hawakumsikiliza. Kisha akaniinamia karibu kabisa.

"Umerudije?"

Sikujua yule yaya alikuwa nani, wala alipelekwa wapi.

"Kwa miguu, mwanangu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Tulikaa hivyo gizani, ameshika mkono wangu, mpaka jirani yangu akaingia na kufungua madirisha. Yule mama akaniachia mkono. Tangu hapo hakusema kitu ila kuomba chumvi, kwa Kireno.

Nilimsimulia jirani yangu yote tukiwa njiani kurudi mjini. Alisimamisha gari. Alijua tu kwamba babu yake aliwahi kuwa na duka kaskazini mwa Msumbiji, na kwamba alirudi ghafla, wakati wa vita vya ukombozi, na binti yake huyo wa mwisho. Habari za huko hazikuzungumzwa kwao. Hakuwahi kumsikia mama yake mdogo akisema lugha nyingine.

Tuliporudi Brussels, kila Jumapili jirani yangu alipompigia simu, mama yule alijibu kwa Kireno kama kawaida. Alikataa kuletwa huku. Alisema nyumba haiwezi kuachwa. Karibu na Krismasi jirani yangu aliniita chini, akaniomba nimsalimie mwenyewe. Nikachukua simu, nikasema shikamoo, mimi ndiye niliyekuja na supu.

"Sema taratibu," akanong'ona kwa Kiswahili. "Yaya amelala."

Nyuma yake nilisikia moto ukitatarika, na kama kiti kikisogezwa.

Jirani yangu aliuliza amesema nini. Nilimtafsiria neno kwa neno. Akachukua simu, akaongea naye kwa muda mrefu, akawa anauliza tena na tena, kwa Kireno, jambo nililodhani ni kama yuko na mtu mle ndani. Alipomaliza alisema mama yake mdogo ni mzima, anakula vizuri, na hataki kitu. Tangu siku ile hajanipa tena simu, nami sijamwomba.