Pumzi za Mzee Teremka

Marehemu alikuwa karani wa dirisha la dawa. Kwa miaka kumi na miwili kila mgonjwa aliondoka pale na karatasi inayosomeka: kidonge cha asubuhi mstari wake, cha jioni mstari wake. Programu ya kuchapa karatasi hizo aliitunga mwenyewe. Alipotaka mstari mpya aliandika mkwaju, kile kistari kilichoinamia nyuma, na herufi n, na mashine, badala ya kuichapa alama hiyo, ilishuka chini. Wenzake wakambandika jina, Mzee Teremka. Kifua kilipomzidi, akawa anasema maneno matatu, anatua, anasema mawili, anatua tena.

Wiki yake ya mwisho alimwambia mama yake kwamba ameandika sala ya kusomwa kaburini kwake, imo kwenye mashine ya kazini. Mama hakusahau. Asubuhi ya maziko alimwita binti yake, fundi cherehani, akamwambia hatamzika mwanawe kwa maneno ya kuazima.

Dada akaenda dirishani, mjomba akimsindikiza. Karani aliyefanya kazi na marehemu, mtu mwenye mvi zake, akaiendesha programu na karatasi ikatoka. Dada akaitazama. Maneno yalikuwa yamebanana kutoka ukingo hadi ukingo, na kila baada ya machache, mkwaju na n, mkwaju na n, kama miiba kwenye mnofu wa samaki. Nani angesoma kitu kile mbele ya watu? Mjomba akasema kazi ya Mungu haina makosa, wachukue kitabu cha sala waende, watu wako juani.

Karani akainamia kioo cha mashine, akaguna, kisha akacheka huku machozi yanamtoka.

"Dada yangu, kwa kosa hilihili ndugu yako amenikaripia miaka yote."

Akamweleza. Maneno yakifungwa kwa alama ya kunukuu moja moja, mashine huyakariri kama kasuku, mkwaju na n vikiwamo. Yakifungwa kwa mbili mbili, mashine hutii. Marehemu, mikono imeshachoka, alifunga kwa moja moja. Karani akabadilisha mwanzo, akabadilisha mwisho, basi.

Karatasi ya pili ikatoka imenyooka, ikianza hivi:

Ee Mungu wangu
nakushukuru
kwa mama. Alinibeba
nikiwa mzima
akanibeba tena
nikiwa mgonjwa

Mjomba akasema mistari imekatwakatwa ovyo, iunganishwe. Kidole cha karani kilikuwa tayari juu ya kitufe. Lakini dada alikuwa ameanza kuisoma kwa midomo tu, akajikuta anatua palepale alipokuwa akitua ndugu yake. Ameshika mkasi miaka ishirini. Anajua kitambaa kilichochanika na kitambaa kilichopimwa.

"Iache hivyohivyo, kaka," alisema. "Hizi ni pumzi zake."

Mwili ulikuwa umelala kimya tangu juzi, na pumzi zake zilikuwa hapa, zimehesabiwa. Nani kama Mungu?

Kaburini alisoma bila kuruka mtuo hata mmoja. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Kwenye mstari wa tatu akakiinua, akatazama huku na huku kama mtu aliyeitwa.

"Mwanangu huyo," akasema taratibu.

Kisha akaanza kuvuta pumzi pamoja na msomaji, mstari kwa mstari, mpaka Amina.