Makaa Juu ya Kifuniko

Kilichonirudisha kwenye jiko la makaa, rafiki yangu, ni aibu. Wiki jana mwenzetu mmoja wa kanisani aliandika katika kundi letu la maombi la simu kwamba mamake amefariki. Mimi nilikuwa mapokezi ya hoteli pale Galu, wageni wamejaa mbele yangu, nikajibu bila kusoma: "Amina, napokea!" Nilimwomba radhi, akanisamehe. Mimi sijajisamehe. Kumbe miezi mizima nilikuwa naitikia sala nisizozisoma, na kila nikifumba macho nisali mwenyewe, mkono ulikuwa unaifuata simu kabla dakika haijaisha.

Basi nikamkumbuka nyanya. Alishuka pwani kutoka bara, akapata shamba Bongwe, akaja na Biblia yake na wali wake wa kibara, mgumu kweli. Jirani yetu, mama wa Kiislamu mzaliwa wa pale pale, aliuonja akacheka mpaka akashika mbavu. Ndiye aliyemfundisha kukuna nazi, kukamua tui, na maji yakikauka, kupalia: makaa mekundu juu ya kifuniko, moto mdogo chini, kisha mikono mbali.

"Usifunue, shoga yangu," alimwambia. "Ukifunua, mvuke waenda zake, nawe wabaki na mchele."

Nyanya hakujua kukaa bure. Muda ule wa kungoja akaufanya wa Mungu. Aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, viganja wazi mapajani, akilitaja jina la Yesu polepole pamoja na pumzi yake, halafu hata midomo ikatulia. Sisi wajukuu tulitakiwa kunyamaza naye. Nilisikia makaa yakipasuka na kuku wakichakura majani makavu, na harufu ya tui ilinitesa vibaya. Siku moja nilishindwa, nikainua kifuniko, majivu yakamwagika ndani. Tuliula hivyo hivyo wali wa majivu, na nyanya hakunigombeza.

"Ulidhani humo hamna kinachoendelea," alisema tu.

Aliyetulia mpaka mwisho ndiye aliyepewa ukoko, ule wali mkavu mtamu ulioshika chini ya sufuria. Mimi niliupata kwa nadra sana.

Jumamosi hii niliizima simu, nikaifungia kabatini chini ya mashuka, nikapalia wali. Akili ilitoroka: zamu ya kesho, nguo za kufua, lile "napokea" langu. Nikairudisha kwenye lile jina la Yesu, ikatoroka tena, nikairudisha tena. Sikuona malaika. Lakini nilimkumbuka mwenzetu, uso wake na sauti yake, na kwa mara ya kwanza nikaulilia msiba wake. Sikufunua.

Nyanya hayupo, jirani naye hayupo, na pale palipokuwa na jiko letu pamejengwa vyumba vya kupangisha. Nilipopakua, ukoko ulitoka mzima. Nikatazama huku na huku nipate wa kunyang'anyana naye, nikaula peke yangu mpaka punje ya mwisho. Kesho, kabla ya zamu, nitapalia tena.